Somo la Sita: Urani, Leseni na Usalama wa Mtumiaji

Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalihusu bidhaa ambazo kila mtu hununua: unga, mafuta ya kupikia, simu, nguo na dawa. Somo hili linahusu bidhaa ambayo mtumiaji wa kawaida hatainunua hata mara moja maishani mwake. Hata hivyo, katika nchi za Afrika Mashariki wapo watu waliopoteza akiba zao kwa kuamini kwamba wameipata, au kwamba wataiuza kwa bei ya kuwatajirisha. Bidhaa hiyo ni urani, pamoja na kile kinachoitwa mitaani "zebaki nyekundu".

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bidhaa nyingine usemi huo ni nasaha ya mwenye duka. Kwa urani ni sheria ya dunia nzima. Kila kilo ya malighafi za nyuklia inayohamishwa kihalali, kutoka mgodini hadi kwenye kinu cha umeme, huandikwa, hupimwa na kukaguliwa. Kwa hiyo anayekuletea urani bila hati anakuletea kimoja kati ya vitu viwili: uongo au hatari.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

1. kueleza urani ni nini, na maana ya kuirutubisha na kuichakata upya;
2. kutaja taasisi zinazotoa leseni na sababu ya kuwapo kwa leseni hizo;
3. kutambua dalili za utapeli wa "urani" na "zebaki nyekundu";
4. kujua la kufanya akikuta chombo chenye alama ya mionzi;
5. kutumia haki yake anapopigwa picha ya eksirei au anaponunua chakula kilichoagizwa kutoka nje.

Urani ni nini?

Urani ni metali nzito inayopatikana kiasili katika miamba, udongo na hata maji ya bahari, kwa viwango vidogo sana. Atomi zake si za namna moja. Katika kila atomi 1,000 za urani ya asili, karibu 993 ni za aina iitwayo urani-238, na 7 tu ni za urani-235. Hizo chache ndizo zenye thamani kwa mitambo ya umeme, kwa kuwa ndizo zinazopasuka kwa wepesi na kutoa joto jingi.

Urani-238 hupungua kwa mwendo wa taratibu mno. Nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka na kuwa kitu kingine. Ndiyo maana jiwe la urani ya asili haliwaki gizani, halichomi mkono na halilipuki. Hatari yake iko kwingine. Vumbi lake likivutwa au kumezwa huwa ni sumu, khasa kwa figo, na gesi ya radoni inayotoka katika mawe yake hudhuru mapafu ya wanaofanya kazi mgodini bila ya hewa ya kutosha.

Unguja na Pemba hakuna mgodi wa urani. Tanzania Bara, eneo linalojulikana zaidi ni Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia kubadilishwa kwa mpaka wa Pori la Akiba la Selous ili eneo hilo litolewe ndani ya urithi. Mwaka 2013 Serikali ilitoa leseni maalumu ya uchimbaji kwa kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One, kampuni tanzu ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Mtambo wa majaribio wa kusindika madini hayo ulizinduliwa Julai 2025. Mtumiaji na aizingatie miaka hiyo: tangu leseni ya uchimbaji hadi mtambo wa majaribio tu, ilipita miaka 12.

Safari ya urani: kutoka mwamba hadi kinu

Watu wengi hudhani kwamba urani huchimbwa leo na kutumiwa kesho, kama dhahabu inavyochimbwa na kupelekwa kwa sonara. Sivyo. Ipo safari yenye hatua kadhaa, na kila hatua ina leseni yake.

Kwanza, mawe husagwa na kusafishwa kwa kemikali, ikapatikana poda iitwayo keki ya manjano. Poda hii hufungwa katika mapipa ya chuma yenye namba. Mgodi wa urani huuza poda hii, na si kitu kingine.

Pili, keki ya manjano hupelekwa kiwandani na kugeuzwa kuwa gesi iitwayo heksafloridi ya urani.

Tatu, gesi hiyo huingizwa katika mashine refu za chuma zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Atomi nzito husukumwa pembeni, na zile nyepesi za urani-235 hubaki karibu na katikati. Kazi hii hurudiwa katika mashine nyingi zilizounganishwa, hadi sehemu ya urani-235 inapanda kutoka asilimia 0.7 hadi baina ya asilimia 3 na 5. Huku ndiko kurutubisha urani. Kiwango hicho hutosha kwa vinu vingi vya umeme.

Nne, urani iliyorutubishwa hutengenezwa vidonge vigumu, vikapangwa ndani ya fito za metali na kuingizwa kinuni.

Tano, fito zikishachoka hutolewa. Nchi nyingine huzihifadhi kama taka. Nyingine, kama Ufaransa katika kiwanda chake cha La Hague, huziyeyusha kwa asidi na kutenganisha vilivyomo: urani iliyobaki, ambayo ni karibu asilimia 95, plutoni, karibu asilimia 1, na mabaki makali yanayopaswa kufungiwa kwa karne nyingi. Huku ndiko kuchakata upya.

Kurutubisha na kuchakata upya ndizo hatua zinazolindwa kuliko zote, na sababu yake ni moja. Mashine zilezile zinazofikisha urani kwenye asilimia 5 zinaweza, zikiachwa bila mwangalizi, kuifikisha kwenye asilimia 90, na kiwango hicho ni cha bomu. Plutoni inayopatikana kwa kuchakata upya nayo inaweza kuwa mafuta ya kinu au moyo wa silaha. Mashine yenyewe haichagui. Leseni, hesabu na ukaguzi ndivyo vinavyoichagulia.

Tanzania haina mtambo wa kurutubisha urani, haina kiwanda cha kuchakata upya na haina kinu cha nyuklia. Kwa hiyo maneno "urani iliyorutubishwa" yakitamkwa na muuzaji wa mtaani, awe Darajani, Mwanakwerekwe au Kariakoo, hayo pekee yanatosha kumfanya mtumiaji aondoke.

Nani hutoa leseni?

Katika nchi yetu msimamizi wa mambo ya mionzi na nyuklia ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha na ofisi yake hapa Unguja. Tume iliundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003, ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyokuwapo kwa sheria ya mwaka 1983. Kumiliki, kuingiza nchini, kusafirisha, kutumia au kuuza malighafi za nyuklia na vyanzo vya mionzi bila ya idhini ya Tume ni kosa la jinai.

Mtumiaji atofautishe hati mbili. Leseni ya kuchimba hutolewa, kwa upande wa Bara, chini ya Sheria ya Madini. Leseni ya usalama wa mionzi hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Anayeshughulika na urani lazima awe nazo zote mbili, na moja haiwezi kusimama mahali pa nyingine. Matapeli hupenda kuonyesha nakala ya leseni ya uchimbaji mdogo wa madini, wakadai kwamba inaruhusu kuuza urani. Hairuhusu.

Ili kuona uzito wa leseni hizi, tutazame nchi inayorutubisha urani. Kule Marekani, kampuni moja iliomba ruhusa ya kujenga mtambo wa kurutubisha katika jimbo la New Mexico mnamo Desemba 2003. Msimamizi wa nyuklia wa nchi hiyo alipitia usanifu, ulinzi, hesabu za malighafi, mpango wa taka na uwezo wa fedha wa kuubomoa mtambo utakapozeeka. Sheria yao inataka pia kifanyike kikao rasmi cha kusikiliza hoja kabla ya leseni kutolewa. Leseni ilitoka Juni 2006, na mtambo ukaanza kazi Juni 2010. Huyo ni mwombaji mwenye mawakili, wahandisi na mtaji mkubwa. Vipi basi mtu aliyekutana nawe barazani ataahidi kwamba "kibali kitatoka kesho"?

Daftari la dunia

Juu ya sheria za nchi lipo daftari la kimataifa. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu mwaka 1976. Mwaka 1991 ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Makubaliano yake ya ukaguzi na Shirika hilo, pamoja na itifaki ya nyongeza inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi, yalianza kutumika Februari 2005. Tanzania pia imo katika Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba huo ulitiwa saini mwaka 1996 na ukaanza kutumika Julai 2009.

Afrika ilijifunza umuhimu wa daftari hilo kwa gharama. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mahali ambapo Kiswahili huzungumzwa hadi leo. Wachimbaji wa Kikongo waliotoa mawe yale hawakuambiwa yanakwenda wapi. Baada ya uhuru mgodi ulibaki bila ya ulinzi wa kutosha, watu wakaingia kuchimba kwa mikono wakitafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua. Serikali ya Kongo iliufunga mwaka huohuo.

Katika nchi hiyohiyo, fito mbili za mafuta ya nyuklia zilitoweka kutoka kinu kidogo cha utafiti cha Kinshasa katika miaka ya 1970. Mwaka 1998 fito moja ilikamatwa na polisi wa Italia mikononi mwa wahalifu. Urani iliyokuwamo haikufikia kiwango cha bomu, lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba fito moja tu ikitoka katika hesabu, polisi wa nchi nyingine huweza kuikamata hata baada ya miaka ishirini. Hivyo ndivyo inavyotafutwa mali hii. Mtumiaji anayefikiri kwamba anaweza kuificha chini ya kitanda na kuiuza kimyakimya hajaambiwa ukweli.

"Zebaki nyekundu": bidhaa isiyokuwapo

Zebaki ya kawaida ipo: ni metali nyeupe inayotiririka, na ni sumu. Yapo pia madini mekundu yenye zebaki ambayo zamani yalisagwa kutengeneza rangi. Lakini "zebaki nyekundu" inayosimuliwa, ile inayodaiwa kutengeneza mabomu, kuita majini, kuponya maradhi na kuuzwa gramu moja kwa mamilioni, haipo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekwisha kusema hivyo waziwazi. Hakuna maabara iliyowahi kuipima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuileta.

Kisa cha Saudi Arabia kinafaa kukumbukwa hapa kwetu, kwa kuwa ndugu zetu wengi wanaishi Ghuba na habari za huko hufika upesi. Aprili 2009 ulizuka uvumi kwamba cherehani za kizamani zina zebaki nyekundu ndani yake. Watu walizikimbilia masokoni. Chombo kilichokuwa cha bei ndogo kilitangazwa kwa maelfu ya riyali, na ikaripotiwa kwamba baadhi zilifikia riyali 200,000. Wengine walidai kwamba zebaki hiyo hutambulikana kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano. Polisi walichunguza, na ikabainika kuwa hamna kitu. Aliyeuza mapema alipata faida. Aliyenunua mwisho alibaki na cherehani.

Mfano wa kujifunza

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Unaonyesha namna mazungumzo ya aina hii yanavyokwenda.

Kijana anaingia katika ukumbi wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, ambako bibi mshoni ana cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu.

— Shikamoo, bi mkubwa.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Cherehani hii umeipata wapi?

— Ya marehemu mama yangu.

— Basi, bi mkubwa, umekalia utajiri na hujui. Zamani hizi zilitiwa zebaki nyekundu. Yupo tajiri Ghuba anaitafuta, na fedha ameshaziweka tayari. Ila lazima ipimwe kwanza, ipate cheti cha maabara. Gharama yake laki tano. Mimi nitatoa nusu, wewe utie nusu.

— Na huyo tajiri, kwa nini asilipie kipimo yeye?

— Hajui kama tushaipata. Akijua, wakubwa wataingilia. Usimwambie mtu, bi mkubwa. Hili jambo la Serikali.

— Kama ni jambo la Serikali, mwanangu, basi twende kwa sheha tukalizungumze.

Kijana anasema kwamba atarudi jioni.

Katika mazungumzo hayo mafupi zimo dalili tano. Kila moja inatosha kumwonya mtumiaji.

Ya kwanza, mnunuzi yuko mbali na haonekani. Biashara halali ya urani hufanywa baina ya kampuni zenye leseni kwa mikataba, na haipiti kwa dalali mmoja.

Ya pili, fedha hutakiwa kabla ya faida: ada ya kipimo, ya cheti, ya ulinzi, ya kibali. Ada moja ikilipwa huzaa nyingine.

Ya tatu, mtapeli naye hujidai kuchangia. Nusu yake hutajwa kwa mdomo. Nusu ya mwenyeji ndiyo hutoka mfukoni.

Ya nne, hutakiwa siri. Leseni ni hati ya wazi, na anayetaka siri anaikimbia leseni.

Ya tano, haraka. "Tajiri anaondoka kesho," husema, ili mtumiaji asipate muda wa kuuliza.

Ipo na hila ya ndani zaidi. Mtapeli hujua kwamba mhasiriwa akigundua ameibiwa ataona haya, na ataogopa kushitaki kwa kudhani kwamba yeye mwenyewe amefanya kosa la kutaka kununua urani. Ukimya huo ndio mtaji wa mtapeli. Aliyefikwa na jambo hili asinyamaze. Aende kituo cha polisi na risiti, namba za simu na ujumbe alioupokea, aeleze yote kama yalivyokuwa. Kila anayenyamaza humwachia mtapeli mlango wa jirani.

Hatari ya kweli: vyuma chakavu

Tumesema kwamba asiye na hati huleta uongo au hatari. Uongo huondoka na fedha. Hatari huondoka na uhai, na mara nyingi haiji kwa jina la urani. Huja ndani ya chuma kilichotupwa.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya tiba ya saratani kutoka zahanati iliyohamwa. Waliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa seziamu-137 unaotoa mwanga wa buluu gizani. Familia na majirani waliushangaa, wakagawiana, wengine wakaupaka mwilini. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya watu 112,000 walilazimika kupimwa. Uchunguzi ulionyesha chanzo: wenye zahanati walihama wakaiacha mashine bila ya kumtaarifu msimamizi wa leseni, ingawa leseni yao iliwataka wafanye hivyo. Mstari mmoja haukuandikwa katika daftari, na mji mzima ukalipa.

Unguja wako wanaonunua na kukusanya machuma mitaani, na watoto huyaokota kwa ajili ya kuuza. Wazee na wenye biashara hiyo wajue alama mbili. Moja ni mapanga matatu yanayozunguka kiduara, meusi juu ya rangi ya manjano, mfano wa feni. Ya pili, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ni pembetatu nyekundu yenye mionzi inayoshuka, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Chombo kizito kuliko kawaida kwa ukubwa wake nacho kitiliwe shaka, kwani huenda kimezungushiwa risasi, metali inayozuia mionzi.

Ukikuta chombo cha namna hiyo:

1. Usikishike, usikikate, usikipige nyundo, usikiweke mfukoni wala nyumbani.
2. Ondoka na uwaondoe wengine. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo.
3. Ikiwa umekwisha kukigusa, osha mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, na uweke nguo zako kando.
4. Mtaarifu sheha au kituo cha polisi, ili Tume ya Nguvu za Atomiki ipelekewe habari.
5. Aliyekigusa akitapika, akivimba au akitokwa na malengelenge kama ya kuungua, apelekwe hospitali na daktari aelezwe kuhusu chombo hicho.

Leseni hiyohiyo katika huduma za kila siku

Mtumiaji asidhani kwamba Tume hushughulika na migodi pekee. Utaratibu wa leseni unaolinda urani ndio unaomlinda pia anapopigwa picha ya eksirei, ingawa mashine ya eksirei haina urani ndani yake. Hospitali au zahanati yenye mashine hiyo lazima iwe na leseni, na mashine ikaguliwe. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.1. Kwa ulinganisho, kila mmoja wetu hupata kwa wastani wa dunia milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Picha inayohitajika haina sababu ya kuogopwa. Picha isiyohitajika ndiyo haifai. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kituo kina leseni na kwa nini picha inahitajika. Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi kuwa nayo, aseme kabla ya kupigwa. Picha za zamani zihifadhiwe, ili zisirudiwe bure.

Vivyo hivyo kwa chakula. Kinu cha Chernobyl kiliporipuka tarehe 26 Aprili 1986, upepo na mvua vilishusha seziamu katika malisho ya Ulaya, ikaingia katika maziwa na nyama. Nusu ya seziamu-137 huchukua miaka 30 kutoweka, kwa hiyo nchi nyingi ziliendelea kupima vyakula kwa muda mrefu. Kwetu, Tume hupima sampuli za vyakula vinavyoingia na kutoka, na kutoa cheti. Mionzi haina rangi, harufu wala ladha. Mtumiaji aliyesimama mbele ya duka la maziwa ya unga hawezi kuijua kwa macho wala kwa ulimi. Kinga yake ni kununua kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake umepita bandarini kwa hati, na kukataa mzigo uliopita njia za panya. Mkulima wa karafuu na mwani naye ana maslahi katika cheti hicho, kwani nchi inayonunua huweza kukitaka.

Maswali ya kujipima

*1. Mtu anasema ana kilo 2 za urani iliyorutubishwa kutoka mgodi wa Tanzania. Kosa liko wapi?*
Mgodi hutoa keki ya manjano tu. Tanzania haina mtambo wa kurutubisha. Maneno yake yanajipinga yenyewe.

*2. Ana cheti cha maabara chenye muhuri. Je, kinatosha?*
Hapana. Cheti cha kipimo si leseni. Idhini ya kumiliki au kuuza hutoka Tume ya Nguvu za Atomiki, na inaweza kuulizwa Tume yenyewe. Usiipigie namba uliyopewa na muuzaji.

*3. Kwa nini kurutubisha na kuchakata upya hulindwa kuliko uchimbaji?*
Kwa sababu katika hatua hizo mbili ndipo malighafi ya umeme inapoweza kugeuzwa malighafi ya silaha.

*4. Jirani yako amelipa laki tatu kwa ajili ya "kupima zebaki nyekundu" na sasa anaogopa kusema. Utamshauri nini?*
Akusanye ushahidi alionao na aende polisi mapema, akifuatana na mtu anayemwamini au sheha. Asilipe ada nyingine kwa matumaini ya kurudishiwa ya kwanza.

*5. Mtoto ameleta nyumbani chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu. Hatua ya kwanza ni ipi?*
Kutoka na watoto wote, kukiacha kilipo na kumtaarifu sheha au polisi. Bei ya chuma isiulizwe.

Mtumiaji akilisahau lote lililoelezwa katika somo hili, na abakie na swali moja la kumuuliza yeyote anayemletea habari za urani au chombo cha mionzi: "Leseni yake iko wapi, na imetolewa na nani?" Mwenye haki atalijibu na kuonyesha hati. Asiye nayo hatarudi jioni.